Makosa Arobaini ya Kakra

Naapa, na viganja vyangu vyote viwili viko juu ya meza mnaviona, kwamba haya ni kweli tupu. Sikatai kwamba nimewahi kutunga. Yule kambare aliyemeza kengele ya kanisa nilimtunga. Yule mbuzi aliyepanda lori mpaka Kumasi na kurudi peke yake, nusu nilimtunga; kurudi alirudi. Lakini haya hayana chumvi yangu hata punje. Atakayenikamata na uongo mmoja nitamlipa, tena mbele za watu.

Basi. Pale Mankessim, nyuma ya soko, palikuwa na msichana aliyeitwa Kakra. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na alikuwa na hasira tangu akiwa na saba. Si hasira ya kurusha vyombo. Ilikuwa hasira iliyokaa mahali pamoja kama jiwe la kusagia pilipili, watu wanalizunguka kila siku mpaka hawaoni tena kwamba lipo.

Alizaliwa dakika ishirini baada ya kaka yake, ndiyo maana yeye akawa Kakra, pacha mdogo, na yule mvulana akawa Panyin, pacha mkubwa. Mkubwa! Mkubwa aliyefika miaka mitatu bila neno hata moja kinywani, akawa anatembea kamkamata dada yake upindo wa gauni. Kakra ndiye aliyesema kwa niaba ya wote wawili. "Panyin ana kiu." "Panyin hataki huyo samaki, anaogopa jicho lake." Panyin anatikisa kichwa: ndiyo, ni hivyo hivyo, andikeni.

Mama yao, Ewurasi, alikuwa akipika dokono, yale madonge ya unga wa mahindi uliochachuka, na kuyafunga kwa majani ya mgomba, na hakuna mkono katika soko lile uliofunga vizuri kama wake. Lakini Ewurasi alikuwa na ugonjwa uliomwanza kabla hajazaa. Mwezi mzima, hata miezi mitatu, anacheka, anauza, anawasuka watoto. Halafu sauti zinakuja. Sauti hizo hazikuwa na adabu. Zilimtukana akiwa jikoni, zilimtukana akiwa kanisani, na siku moja zilimwamuru akate nywele zake zote, akakata na kipande cha sikio. Ndipo ndugu wanamshika mkono na kumpeleka hospitali kubwa, wadi ya wagonjwa wa akili, anakaa wiki kadhaa, anarudi amenenepa na amepoa.

Hospitali hiyo ilikuwa na mpango wake. Watoto wote ambao mama au baba yao alitibiwa katika wadi ile waliitwa kila Agosti, shule zikifungwa, wakapimwa. Si damu wala mkojo. Walipimwa wanarukaje, wanakumbuka nini, wanachoraje mtu. Walitaka kumwona mapema yule atakayehitaji kushikwa mkono. Msimamizi wa vipimo alikuwa Sista Ekuba, muuguzi mnene mwenye miwani ya kamba, na alikuwa na usemi wake aliourudia kila mwaka: "Wavulana huonyesha mapema. Mvulana akichelewa, mtaa mzima unajua. Wasichana, aah, wasichana..." Halafu anaitwa chumba kingine, na sentensi inabaki imening'inia hapo mpaka Agosti nyingine.

Sasa, kwetu mtu hachezi na hasira ya pacha. Ukimpa mmoja ukamnyima mwenziwe, yule aliyenyimwa anaweza kuamua kurudi alikotoka, na akirudi humvuta na mwenzake. Kwa hiyo kila kitu ni viwili. Mwenye kazi ya kuhakikisha hilo alikuwa kaka wa Ewurasi, Wofa Kwansa, yaani Mjomba Kwansa, maana baba wa watoto alikuwa amesharudi kwa watu wake, na kwetu mtoto ni wa nyumba ya mama, na mjomba ndiye mkubwa wa nyumba hiyo. Wofa Kwansa alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la kakao. Alijisifu kwamba hakuna mapacha katika pwani yote waliogawiwa kwa haki kama wapwa zake. Ndala jozi mbili. Kitambaa kimoja, kimekatwa katikati. Siku moja aliwachukulia samaki wawili wa kukaanga mpaka ghalani, akawapima, akamkata mmoja ncha ya mkia na kuila mwenyewe ili haki itendeke.

Kile kisichopandishwa kwenye mizani, hicho hakukigawa.

Kipimo cha miaka saba ndicho kilichoanzisha mambo. Panyin aliambiwa asimame kwa mguu mmoja. Alianguka akiwa bado na yote miwili chini. Alitupiwa mpira wa kitambaa, ukamgonga puani. Kitandani alikuwa bado anakojoa. Kadi yake ikajaa alama nyekundu, na kuanzia wiki iliyofuata akapewa chumba cha Jumamosi. Chumba hicho kilikuwa na mikeka ya kuviringikia, mipira, mwalimu wa matamshi, bakuli la uji wenye njugu, na zaidi ya vyote kilikuwa na mtu mzima anayekaa chini sakafuni, anamtazama mtoto, anamuuliza, "Wiki hii nyumbani ilikuwaje?" Halafu ananyamaza kusubiri jibu.

Na Kakra? Kakra alisimama kwa mguu mmoja mpaka Sista Ekuba akachoka kuhesabu. Alichora mtu mwenye vidole vitano kila mkono na vifungo kwenye shati. "Hongera, mama mdogo!" alisema Sista, akampa penseli. Wofa Kwansa, mtu wa haki, alisimama papo hapo akadai ya Panyin. Penseli zikawa mbili. Chumba kikabaki kimoja.

Kwa miaka minne Kakra alimpeleka kaka yake mlangoni pale kila Jumamosi, saa nzima kwa miguu. Ndani waliingia pekupeku, kwa hiyo alikaa benchi la nje na ndala za Panyin mapajani. Dirisha lilikuwa la vioo vya kupangana, na kupitia hapo alisikia kila wiki, "Wiki hii nyumbani ilikuwaje?" na alimsikia Panyin akijibu, "Na-nzuri." Nzuri! Mwongo mkubwa. Kakra alikuwa na jibu refu kama barabara ya Takoradi, na hakuna aliyemuuliza.

Wiki nyumbani ilikuwa hivi. Alfajiri anasikiliza kwanza mama anavyopumua. Akiamka, anatazama kilemba: fundo likiwa mbele, siku ni njema. Mama akifua kitambaa kimoja mara tatu, sauti ziko njiani, na Kakra hatakwenda shule. Jioni anakitumbukiza kisu katika pipa la unga wa mahindi uliochachuka, chini kabisa, asubuhi anakitoa. Vidonge ni vitatu, viwili vyeupe na kimoja cha manjano, na cha manjano mama hukificha shavuni na kukitema nyuma ya jiko. Usiku Kakra halali, anahesabu. Mkono wake ulipokosa la kufanya ulijitafutia kazi: ulianza kung'oa kope za macho, moja moja, kwa kucha mbili. Kufikia miaka kumi alikuwa amezimaliza za jicho la kushoto na kuhamia la kulia. Hakuna aliyeona. Watu wakimtazama Kakra hutazama mikono yake, imebeba nini.

Agosti ya mwaka wa kumi na mmoja, Sista Ekuba alitangaza: "Mwaka huu tunafunga hesabu yenu. Kipimo kikionyesha mtoto bado anahitaji, Jumamosi itaendelea mpaka afike kumi na tano. Asiyehitaji tunamuaga kwa biskuti na soda."

Hapo Kakra akaamua. Kiti kimoja ndani ya chumba kile kitakuwa chake. Hakutaka kingine duniani. Na kama mlango ule hufunguliwa kwa kushindwa, atashindwa.

Mwalimu wake wa kushindwa alikuwa Panyin mwenyewe. Kijana alikuwa amerefuka ghafla, amekuwa mchekeshaji, kigugumizi kimebaki kama mkia mdogo tu nyuma ya maneno. Walifanyia mazoezi nyuma ya choo.

"Unaanguka vi-vibaya," Panyin alisema.

"Kuanguka nako kuna vizuri na vibaya?"

"Kupo. Wewe unajirusha kama mtu aliyepigwa risasi kwenye filamu. Mwangukaji wa kweli anajitetea. Tapatapa kwa mkono. Toa ulimi kidogo. Halafu shangaa."

"Nishangae nini, nami najua ninaanguka?"

"Ndiyo tabu yako hiyo. Unajua kila kitu."

Kakra alimtupia ganda la chungwa. Panyin alilidaka, kwa mkono mmoja, bila kutazama, na wote wawili wakautazama ule mkono, maana miaka minne iliyopita lingempiga puani.

"Ukipata kiti," Panyin akasema, "mimi nitakaa benchi nikushikie ndala."

"Utazipoteza."

"Nitazipoteza zote mbili. Zi-ziwe sawa."

Siku ya kipimo ikafika. Panyin aliingia wa kwanza, akatoka anatafuna biskuti: amepita. Wofa Kwansa alikaa chumba cha pembeni na fomu ya mtu mzima, ile ambayo mkubwa wa nyumba huulizwa mtoto analalaje, anakulaje, ana hofu gani. Fomu hiyo ameijaza yeye miaka yote.

Kakra akaingia. Aliposimama kwa mguu mmoja alitapatapa kwa mkono, akatoa ulimi, akaanguka, akashangaa vizuri kabisa. Alichora mtu asiye na mikono. Ikaja kazi ya picha: Sista anataja neno, mtoto anaonyesha moja kati ya picha nne, na hivyo mara arobaini. Sista akisema "jembe," Kakra anaonyesha kuku. Akisema "hasira," anaonyesha mtoto anayekula tikiti. Arobaini ilipoisha Sista Ekuba alihesabu, akahesabu tena, akavua miwani.

"Umekosa zote."

"Sina akili," Kakra akasema, ameinamisha kichwa.

"Arobaini kwa arobaini!"

"Ndiyo, Sista. Ni damu ya mama."

"Wee mtoto, nisikilize. Kuna katoto ka miaka mitatu kalikuja juzi, kanalia kanataka nyonyo, kanapigapiga picha kwa kiwiko. Kalipata kumi na moja. Picha nne, moja ndiyo yenyewe: hata kondoo akikanyagakanyaga humo atapata robo. Ili mtu akose zote arobaini lazima azijue zote arobaini."

Kakra alihisi masikio yakiwaka. Hilo hakulifikiria. Hata kushindwa alikuwa amekufanya kwa usafi, bila kuacha doa.

Sista Ekuba alianza kucheka, cheko la mtu mnene, mabega kwanza. "Anko Kwansa! Njoo uone mambo ya mwanao! Anatuchezea!"

Wofa Kwansa aliingia na ile fomu mkononi, akaelezwa, akacheka kumzidi. "Kanifuata mimi huyo! Si nilikuambia, Sista? Huyu akiwa na miezi mitano alinitazama kifuani akasema, 'Wofa, kifungo chako kimekatika.' Miezi mitano! Nikatazama, kimekatika kweli! Wewe nimalizie hii fomu, usijisumbue. Usingizi, analala kama kiazi kikuu. Chakula, sufuria hulazimika kujificha. Hofu? Huyu? Hofu ikimwona huvuka barabara."

Na kalamu ya Sista ikawa inakwenda: hana, hana, hana, hana. Ndivyo ilivyokwenda Agosti zote. Kakra aliitazama ile kalamu. Kumbe ndivyo. Kumbe si kwamba hawakumuuliza. Waliuliza kila mwaka, na kila mwaka mjomba wake aliwatolea hadithi, wakacheka, wakaandika.

"Nyamaza," alisema.

Kicheko kilikatika. Hakuna mtoto wa kwetu anayemwambia kaka wa mama yake neno hilo, labda mtoto asiyetaka jina.

"Umesemaje?"

"Nimesema nyamaza, Wofa. Mara ya mwisho kulala nyumbani kwetu ni lini?"

"Mimi nina nyumba yangu, lakini jicho langu..."

"Kisu cha mama kinakaa wapi?"

"Kisu kikae wapi? Jikoni!"

"Kinakaa kwenye pipa la unga uliochacha. Kila jioni nakizamisha, mkono mpaka kwapani, na darasani wananiita Chachu. Chachu, kaa mbali! Chachu, utatuumua! Dawa ya mama ni rangi gani?"

"Nyeupe, si nyeupe?"

"Na ya manjano nani anaiokota nyuma ya jiko? Akifua kitambaa mara tatu maana yake nini? Fundo la kilemba likiwa nyuma maana yake nini? Hujui! Hujui kitu, na umekaa hapo na kifungo chako!"

"Kakra," Sista akasema, "punguza sauti, mama mdogo."

"Usiniite mama mdogo! Mama ninaye! Mimi nina miaka kumi na mmoja!"

Dirisha la vioo vya kupangana lilikuwa wazi, na benchi la nje lilijaa wazazi. Wote walikuwa wamenyoosha shingo. Kakra hakujali. Lile jiwe la kusagia lilikuwa limeinuka kutoka mahali pake.

"Nyote mnaijua sheria," alisema. "Sista, na wewe unaijua, usijifiche kwenye hiyo sare. Pacha hapewi mmoja. Mmempa Panyin mwalimu. Mmempa mikeka. Mmempa mtu wa kukaa chini kumuuliza wiki ilikuwaje. Miaka minne! Wangu yuko wapi? Wofa, wewe unayepima samaki, wangu yuko wapi? Mlinipa penseli!"

Kalamu ya Sista Ekuba ilianguka ikaviringika chini ya kabati. Alikuwa mtu wa kwetu kabla hajawa muuguzi, na ana wajukuu mapacha.

"Panyin alihitaji," alisema polepole. "Alikuwa anaanguka, mwanangu."

"Na mimi nilikuwa namshika! Ningeanguka na mimi, nani angemshika?"

Mlangoni alikuwa amesimama Panyin, makombo ya biskuti kidevuni. "Halali," alisema. "Sista, Ka-Kakra halali. Na amemaliza kope."

"Nani amekuita wewe?" Kakra akamgeukia.

"Nimejiita."

"Nenda nje!"

"Si-siendi."

Sista Ekuba aliinuka, akavaa miwani, akamshika Kakra kidevu na kumgeuzia kwenye mwanga. Alikuwa amempima mtoto huyu Agosti nyingi. Alikuwa amempima urefu, na kuruka, na kumbukumbu. Sasa aliona macho mawili makavu yasiyo na kope hata moja, kingo zake nyekundu kama za kuku, yakimtazama bila kupepesa. Aliyatazama muda mrefu. Kisha akachukua ile fomu na kuipiga mstari kutoka kona mpaka kona.

"Picha zako sizihesabu, umezikosa makusudi," alisema. "Na hii nayo siihesabu. Kinachobaki ni fomu mpya, na anayeijaza kwa sheria ni mkubwa wa nyumba. Kweli tupu. Ikionyesha anahitaji, kiti ni chake. Isipojazwa, hapana. Anko Kwansa, analala saa ngapi?"

Hapo Wofa Kwansa alivua kofia. Hakutafuta mlango. Alisimama wima kama mwanamume, akamtazama mpwa wake machoni, akasema, "Sijui." Anakula nini? "Sijui." Anaogopa nini? "Sijui." Maswali arobaini, na majibu arobaini ya sijui, na kila sijui ilimtoka kama jino. Fomu ikatiwa sahihi, na Jumamosi ile ile Kakra akavua ndala zake, akampa kaka yake, akaingia.

Hivyo ndivyo nilivyoimaliza, na nilikuwa nimeshapiga mstari chini.

Jumamosi iliyopita Kakra alipita kwangu. Sasa ni mwanamke mzima, fundi wa majokofu, na sijawahi kuona jokofu lililothubutu kumdanganya. Kope zake zimeota, isipokuwa pengo dogo jicho la kulia. Alizikuta karatasi hizi mezani, akazisoma amesimama, bisibisi kaichomeka nywelani. Alicheka kwenye ganda la chungwa. Mwishoni hakucheka.

"Wofa," alisema. "Nani huyu aliyevua kofia?"

"Mjomba wako."

"Mjomba wangu ni wewe. Na hukuwa na kofia. Na maswali hayakuwa arobaini, yalikuwa thelathini na moja. Na hukusema sijui. Ulisema unakwenda haja ndogo."

Nikasema hadithi inahitaji mahali pa kupumzikia.

"Ulikimbia," alisema. "Andika."

Basi naandika. Nilikimbia. Nilimpita Panyin mlangoni, nikawapita wazazi wote benchini, sikusimama mpaka ghalani. Wiki tatu nilijifungia kazini. Wiki tatu Sista Ekuba aliacha fomu wazi, na Jumamosi tatu Kakra alikwenda kukaa benchi lile lile, na ndani kulikuwa na kiti kitupu kinachosubiri sahihi ya mtu mmoja. Walionitafuta niliwatolea hadithi. Nilisema nina homa. Nilisema nimeitwa Assin kuhesabu magunia. Kwa karani wa hospitali nilisema nimeibiwa viatu, nami nimevivaa.

Jumatatu ya wiki ya nne mchana, ghala limejaa wakulima, Kakra aliingia. Hakuniamkia. Alipita katikati ya magunia, akapanda juu ya mizani kubwa ya kakao, ndala zote mbili, akasimama.

"Nipime," alisema.

Wakulima wakacheka. Mmoja akasema, "Karani, huyo hajakauka, mrudishe juani!"

"Nipime, Wofa. Wewe si mpimaji? Unapima samaki. Unapima nyama. Miaka minne hujanipima. Nipime mbele za hawa."

Nilisogeza vyuma, kwa kuwa mikono yangu haijui kufanya kingine. Nikasogeza tena kurudi nyuma, nikidhani nimekosea. Panyin alikuwa amepanda pale mwezi uliopita akifanya mzaha, kilo thelathini na mbili. Wakati ule watu wa mapokezi ya kakao bandarini wangenikatalia gunia lisilofikia uzito, wakisema nimejaza maganda. Mkono wa mizani ulitulia kwenye ishirini na nne. Wakulima waliacha kucheka, maana wale ni watu wanaojua kusoma mizani.

"Isome kwa sauti," alisema.

Nikaisoma.

"Ulisema sufuria hujificha," alisema. Akashuka, akaondoka, na mimi nikamfuata na vumbi langu la kakao mpaka hospitali, na hakugeuka nyuma hata mara moja kuona kama ninamfuata. Maswali thelathini na moja. Sijui, thelathini na moja. Hilo halina chumvi. Jumamosi iliyofuata aliingia ndani, na Panyin akazipoteza ndala zake, zote mbili, kama alivyoahidi. Jioni hiyo nilihamishia mkeka wangu mlangoni kwa dada yangu Ewurasi, na kisu nikakifunga kwenye sanduku langu la zana, na nimelala pale miaka yote iliyofuata. Sijapongezwa, wala sistahili.

"Na ukanisamehe," nilimwambia Jumamosi hii iliyopita, alipokuwa na karatasi mkononi.

"Nani kakuambia nimekusamehe?" alisema, akazirudisha mezani. "Umeapa utalipa mbele za watu. Soma hapo juu."

Nikasoma hapo juu. Kweli nimeapa.

Pacha aliyekasirishwa kwetu hulipwa kwa viazi vikuu vilivyopondwa na mawese, na yai zima juu yake. Kwa hiyo Jumapili nilipanga viti uani, nikawaita majirani, nikawaita wauzaji wa dokono, nikawaita na wale wazee wawili wa ghala walio hai bado. Niliponda viazi mwenyewe, mbele yao wote, na kipande cha mwisho cha hadithi hii nikakisoma kwa sauti, pamoja na pale pa haja ndogo. Walicheka mno hapo. Kakra alikaa katikati, akala yai lake polepole, ananitazama, hakusema asante.

Panyin alifika amechelewa kutoka Tema, akachungulia bakuli.

"Na la-langu?"

Nilikuwa nimechemsha moja tu. Majirani wote wakaguna. Nimesimama hapa jikoni naandika huku maji yanachemka, na Kakra yuko mlangoni kuhakikisha haliwi dogo kuliko lake.